Seyyid Barghash: Mjenzi wa Nyumba na Madaraja

Muhula huu nimeona niwaletee maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani sana, naye ni Seyyid Barghash bin Said, aliyekuwa Sultani wa Unguja tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888. Labda wengine watauliza kwa nini mwanafunzi wa Kidato cha Nne, mzaliwa wa Kyela, asomaye hapa Iyunga katika baridi ya Mbeya, aache wazee wa kwetu aandike habari za Sultani wa kisiwani. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu.

Mwaka 2023, nikiwa Kidato cha Pili, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Unguja alimwomba mama aniruhusu nikamtembelee katika likizo ya Juni. Basi nikapanda gari moshi la TAZARA papa hapa Iyunga, na kutoka Dar es Salaam nikavuka bahari kwa meli. Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga bibi yangu. Aliposikia kwamba naenda Unguja, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo sikupata kulisikia. Alisema kwamba zamani, kabla ya kuja Wadachi, binti mmoja wa ukoo wetu alikamatwa karibu na ziwa akachukuliwa na msafara kuelekea pwani, wala hakurudi. Jina lake lilibaki katika ukoo, nami ninaye ndugu anayeitwa kwa jina hilo. Bibi hakuniambia nifanye lolote. Alinitakia safari njema tu. Lakini maneno yake nilikwenda nayo, na kila nyumba nzuri niliyoiona kule niliitazama kwa macho mawili: jicho moja la kustaajabu, na jicho la pili la kuuliza. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kutaka kuyajua maisha ya mjenzi wa nyumba hizo.

KUZALIWA KWAKE

Seyyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na kuhimiza kilimo cha mikarafuu. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Watoto wa Seyyid Said walikuwa wengi, na mama zao walitoka nchi mbalimbali, basi nyumba za kifalme zilijaa ndugu wa baba mmoja waliopendana na kuoneana wivu kama ilivyo desturi ya nyumba kubwa.

Nyumba zenyewe zilikuwa kadhaa. Ilikuwako ya Mtoni, kaskazini ya mji, kando ya bahari, na ilikuwako Beit al-Sahel mjini penyewe, mbele ya bandari. Jirani ya Beit al-Sahel ilikuwako nyumba nyingine iliyoitwa Beit al-Thani, na nyumba hizi mbili ziliungwa juu kwa daraja la kuning'inia, hata watu wa ndani waliweza kutoka nyumba moja kuingia nyingine pasipo kukanyaga barabara. Habari hii imeandikwa na dada yake Barghash, Bibi Salme, katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1886. Nawaomba msomaji aliweke daraja hilo moyoni, maana tutalikuta tena.

UGOMVI WA NDUGU

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akiwa njiani kutoka Omani kurudi Unguja. Barghash alikuwamo katika safari ile, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Desturi ya mabaharia ni kumzika maiti baharini, lakini yeye hakukubali, akamleta baba yake hadi Unguja akazikwa huko. Kiti cha Unguja alikipata kaka yake, Seyyid Majid.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya shauri la kumwondoa kaka yake, na baadhi ya ndugu zake walikuwa upande wake, miongoni mwao Bibi Khole na Bibi Salme. Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano tu, lakini alijua kuandika, kwa hiyo akawa karani wa njama ile. Shauri likavuja. Majid akatuma askari kuizunguka nyumba ya Barghash, asitoke mtu wala kisiingie chakula. Dada zake wakamwendea usiku, wakamvika mavazi ya kike, wakampitisha katikati ya askari pasipo yeye kutambuliwa. Akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles, na watu wake wakajenga boma huko. Majid akasaidiwa na Waingereza, boma likavunjika, na Barghash akarudi mjini kwa siri akajificha katika nyumba yake. Mwishowe askari wa manowari ya Kiingereza waliipiga risasi nyumba ile, naye akajitoa. Akahukumiwa kuhamishwa, akapelekwa Bombay, Bara Hindi.

Nikisoma habari hizi nilifikiri kwamba hapo ndipo maisha ya mtu huyu yangeweza kuishia. Wako wengi walioshindwa katika ujana wakaishia katika chuki. Yeye alikaa Bombay muda wa miaka miwili hivi, na macho yake hayakulala. Bombay wakati ule ulikuwa mji mkubwa wenye biashara nyingi, na miaka ile ile ndipo ulipoanza kuletewa maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar. Mtu aliyetoka katika mji wa visima, ambamo maji safi yalikuwa tabu, hakosi kuliona jambo hilo. Sisi tuishio bwenini, tunaojua uzito wa ndoo ya maji asubuhi ya baridi, twaweza kulifahamu vizuri.

KUTAWALA KWAKE

Majid alifariki mwezi wa Oktoba 1870. Yeye ndiye aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, lakini alikufa kabla haujakamilika. Barghash akashika utawala, na mwanzo wake ulikuwa wa misiba. Kipindupindu kilikuwa kimetoka kuua watu wengi sana mjini. Kisha mwezi wa Aprili 1872 ikaja tufani kubwa ambayo watu wa Unguja hawakupata kuiona mfano wake. Ikazamisha meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa shamba kubwa la karafuu.

Mwaka uliofuata, 1873, likaja jambo zito kuliko tufani. Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa. Barghash alikataa. Mali yake na mali ya matajiri wake ilitegemea mashamba, na mashamba yalilimwa na watumwa. Frere akaondoka mikono mitupu, lakini Balozi John Kirk akapewa amri ya kumwambia Sultani kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari asipokubali. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi, na soko likafungwa.

Nilisimama mahali lilipokuwa soko lile. Leo hapo pana kanisa kuu la Waanglikana, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka huo huo wa 1873. Mjomba aliniacha peke yangu kwa muda, maana nilikuwa nimemweleza habari za bibi. Nilijiuliza kama yule binti wa ukoo wetu alipita hapo, au alibaki Kilwa, au alikufa njiani. Hakuna awezaye kunijibu. Lakini nataka kusema wazi, wala sitaki kuficha kwa sababu naandika sifa za mtu: Barghash hakulifunga soko lile kwa kupenda kwake. Alilifunga kwa kulazimishwa. Tena kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa, kwa sababu utumwa wenyewe uliendelea kuruhusiwa na sheria ya Unguja hata mwaka 1897, miaka tisa baada ya kifo chake. Hata hivyo, alipokwisha kutia sahihi, alilishika neno lake, na mwaka 1876 alitoa amri nyingine za kukataza misafara ya watumwa kutoka bara.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa katika viwanda na miji. Aliporudi alikuwa na fikira nyingi za kujenga.

MAJI NA NYUMBA

Sasa nafika mahali nipendapo zaidi. Kwanza nitasema habari za maji. Seyyid Barghash alileta maji kutoka chemchemi zilizoko nje ya mji, upande wa kaskazini, yakapita katika mifereji na mabomba mpaka mjini, na watu wakayateka bure. Mji wa bandari uliojaa watu, uliokuwa umetoka kuzika maelfu kwa kipindupindu, ukapata maji safi. Mimi sina shaka kwamba hii ndiyo kazi yake iliyo kubwa kuliko zote, ingawa wageni hawapigi picha bomba lililofukiwa chini ya ardhi.

Tena alijenga hamamu ya watu wote, kwa mtindo wa Kiajemi, na kazi hiyo aliisimamia Haji Gulamhussein. Mtaa ule mpaka leo huitwa Hamamni. Nilipoingia niliona vyumba vya kuogea, vingine vya maji ya moto na vingine vya baridi, na dari zake zimetobolewa matundu ya kuingiza mwanga. Hamamu ile haitumiki siku hizi, lakini kuta zake zimesimama. Kadhalika alijenga nyumba ya Maruhubi, ambayo iliungua mwaka 1899 na kubakiza nguzo, na nyumba ya Chukwani kusini ya mji. Alianzisha pia kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya dini, na alinunua meli za moshi.

Lakini jina lake lafahamika zaidi kwa Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883 ikitazama bahari. Ili msomaji afahamu kwa nini iliitwa ya maajabu, yafaa kwanza ajue nyumba nyingine za mawe za Unguja zilivyojengwa. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe yale yale. Ukuta huwa mnene sana, na ndani yake hukaa baridi hata jua likiwa kali. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu, huzidi kidogo tu urefu wa mtu mrefu, basi chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Mjomba ndiye aliyenionyesha jambo hili katika nyumba aliyopanga, na tangu hapo kila nilipoingia nyumba ya mawe nilitazama dari kwanza.

Basi Beit al-Ajaib ilitoka katika kifungo cha boriti. Ilitumia chuma kubebea dari, kwa hiyo kumbi zake zilikuwa pana. Ilizungukwa na roshani kubwa pande zake zote, zilizoshikwa na nguzo ndefu za chuma zilizoletwa kutoka Uingereza. Milango yake ilichongwa na kutiwa maandishi ya Kiarabu. Hapakuwa na nyumba ndefu kuliko hiyo mjini, na baadaye ikawa nyumba ya kwanza Unguja kuwa na taa za umeme na chombo cha kupandisha watu juu kwa mashine. Mtu aliyetoka bara kwa mara ya kwanza, akaiona kwa mbali kutoka baharini, bila shaka alishika mdomo.

MADARAJA

Niliwaomba mkumbuke lile daraja la kuning'inia la wakati wa Seyyid Said. Barghash hakulisahau daraja la utoto wake. Beit al-Ajaib ilisimama karibu na nyumba mbili nyingine za kifalme, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, naye akaziunganisha kwa madaraja ya juu yaliyofunikwa, yakipita hewani kutoka nyumba hii kwenda ile. Mabibi wa jumba la kifalme waliweza kwenda huku na huku pasipo kuonwa na watu waliokuwa wakipita chini. Kwa hiyo mtaa ule ulikuwa kama nyumba moja yenye miguu mitatu.

Unguja palikuwa na daraja jingine, tena la watu wote. Mji wa mawe wakati huo ulikuwa karibu kuwa kisiwa, maana mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo uliingia nyuma yake na kuutenga na upande wa pili. Maji yalipojaa, Pwani Ndogo ilijaa. Upande wa mawe walikaa matajiri na wakubwa, na upande wa pili, katika nyumba za udongo na makuti, walikaa watu wengi wa kazi, miongoni mwao watumwa na waliokuwa watumwa. Upande huo uliitwa Ng'ambo, na waitwa hivyo hata leo ijapokuwa hapana maji ya kuvuka, kwa sababu Pwani Ndogo ilifukiwa katika karne ya 20 na juu yake ikapita barabara. Mahali pa daraja pameitwa Darajani, nalo soko kubwa liko hapo. Nilikwenda Darajani mara nyingi kununua mboga pamoja na shangazi, na siku ya kwanza nililitafuta daraja kwa macho nikachekwa. Daraja limekwisha, jina limebaki.

Naona mambo haya mawili yanatufunza kitu. Madaraja ya juu yalijengwa ili wachache wapite bila kuonwa na wengi. Daraja la Pwani Ndogo lilipitwa na kila mtu, mwenye kikapu na mwenye joho. Lile la kwanza lilivunjika upesi. La pili, hata baada ya kuondoka, lingali linatajwa na watu kila siku wanapokwenda sokoni.

DADA YAKE

Katika kuunganisha nyumba Barghash alikuwa hodari, lakini kuunganisha ndugu kulimshinda. Bibi Salme, yule aliyemwandikia barua za njama na kumtoa nyumbani usiku, aliondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete, akabatizwa na kuitwa Emily. Mume wake alikufa baada ya miaka michache, akabaki ugenini na watoto watatu. Aliomba kurudiana na kaka yake na kupata urithi wake. Barghash alipokuwa London mwaka 1875, Salme alisafiri kutoka Ujerumani ili amwone, asifanikiwe. Mwaka 1885 alifika Unguja mwenyewe akiwa na manowari za Kijerumani, na Barghash hakukubali kuonana naye. Sultani alikuwa na sababu zake, maana dada alikuja chini ya mizinga ya watu waliotaka nchi yake. Lakini nionavyo mimi, hiyo ni habari ya huzuni kwa pande zote mbili.

KUPOTEA KWA BARA

Mizinga hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Barghash alijihesabu kuwa ana mamlaka bara, mbali hata kwenye maziwa makuu, ingawa kwa kweli huko bara watu walikuwa na watawala wao na wengi hawakumjua. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua akiwatilisha machifu alama katika karatasi. Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea mjini. Waingereza aliowategemea hawakumsaidia, akakubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara kati yao, wakamwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, pamoja na miji michache ya kaskazini.

Tangu hapo njia ya kuja kwetu ilikuwa wazi. Tarehe 17 Agosti 1891, miaka sita tu baada ya mizinga ile kuelekezwa Unguja, Mtwa Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo, Iringa. Nao wakarudi mwaka 1894 wakaivunja ngome yake ya Kalenga kwa mizinga. Watawala hao wawili, mmoja wa pwani na mmoja wa milimani, walijenga kuta nene, na wote wawili walikuta kwamba ukuta si kitu mbele ya mzinga. Tofauti yao ni kwamba Mkwawa alipigana, na Barghash alitia sahihi. Sisemi nani alikuwa na akili zaidi. Barghash aliona bahari yake imejaa manowari, na nyuma yake mji wenye watu wengi wasio na ngome.

KIFO CHAKE, NA NYUMBA BAADA YAKE

Afya yake iliharibika. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alisafiri kwenda Omani kutafuta nafuu katika chemchemi za maji ya moto, asipone. Alirudi Unguja akiwa taabani, akafariki tarehe 26 Machi 1888, mara tu baada ya kufika, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja hivi. Alizikwa karibu na nyumba za kifalme.

Miaka minane baadaye, tarehe 25 Agosti 1896, mwanawe Khalid bin Barghash alijitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza na kujifungia katika jumba lile. Tarehe 27 Agosti manowari zikafyatua mizinga. Vita havikufika saa moja, na watu kiasi cha mia tano wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm ikaharibika isiinuke tena, Beit al-Sahel ikavunjika sehemu kubwa, na madaraja ya juu yakapotea pamoja nazo. Beit al-Ajaib peke yake ilisimama. Mnara uliokuwa mbele yake ulipoharibiwa, mnara wa saa ulijengwa katika uso wa nyumba yenyewe.

Ikawa ofisi ya serikali ya kikoloni, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapata kazi nyingine, mwisho ikawa makumbusho. Mwaka 2000 mji wote wa mawe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mvua, chumvi ya bahari na miaka havina huruma. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, ikaua watu wawili waliokuwa katika kazi ya kuitengeneza.

Basi mimi nilipofika mwaka 2023 sikuiona nyumba ya maajabu kama ilivyo katika vitabu. Niliona uzio, na nyuma yake nguzo za chuma zimesimama na kuta zimekatika kama mkate uliomegwa. Ndani ya ukuta uliokatika niliona mawe ya matumbawe, mawe ya kawaida kabisa, ya kuokotwa. Nilifikiri kwamba kila jiwe lile lilibebwa na mtu, na jina lake halikuandikwa mlangoni. Pengine mmoja wao alitoka kwetu. Kisha niliwaza juu ya wale wawili waliokufa siku ya Krismasi, nao pia walikuwa watu wa kazi.

NENO LA MWISHO

Niliporudi nyumbani bibi aliniuliza niliona nini. Nilimweleza habari za soko, za nyumba iliyovunjika, na za maji aliyoyaleta Sultani. Alisikiliza yote. Akauliza jambo moja tu, kama maji yale yalifika pia upande wa pili wa daraja, wanakokaa watu wa kazi. Nilikuwa sikulifikiria swali hilo. Nilimwambia kwamba yalikuwa bure, na kwamba nitasoma zaidi. Naendelea kusoma.

Wenzangu, waalimu wetu na wazazi, kwa fikira zangu mtu aliyekufa asifiwe kwa haki na alaumiwe kwa haki. Seyyid Barghash alikuwa mtu hodari. Alishindwa ujanani akajifunza ugenini, akarudi kuutengeneza mji wake. Pia alikuwa mtu wa wakati wake, aliyetajirika kwa jasho la watu wasiolipwa, na aliyeacha utumwa wa baharini kwa sababu ya manowari, si kwa sababu ya huruma. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine. Mimi ninayetoka katika ukoo uliopotewa na binti sitaki nyumba ile iachwe ianguke. Nataka ijengwe tena, na ndani yake yaandikwe yote, ya mwenye nyumba na ya wabeba mawe.

Wahenga walisema kwamba mtu huondoka, la kutenda halindoki. Nasi wa Kidato cha Nne tutaondoka hapa Iyunga mwaka huu. Tukijaliwa kujenga, na tujenge daraja la kupita wote.